Kilio Tulichorekodi Nyuma ya Kinu

Kampuni yetu ni watu watano na chumba kimoja hapa Busia, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Nasema kampuni kwa sababu ndivyo mlango ulivyoandikwa. Ukutani tumeegemeza magodoro, yale membamba ya bweni, ili sauti isirukeruke. Tunarekodi kinu kikinyamaza. Kikianza kunguruma tunatoka nje kukariri au kugombana.

Sasa hivi tuna kazi mbili, na zote ni hadithi moja. Kuna mchezo wa jukwaani tutakaoupeleka tena Nambale na Funyula siku za soko, tumalizie Malaba kwenye foleni ya matrela. Halafu kuna mchezo huohuo, umekatwa kuwa vipindi vya kusikiliza, madereva wafungue kwa simu wakingoja kuvuka mpaka. Ni hadithi ya mke wa dereva anayeletewa mumewe maiti kutoka ng'ambo.

Huyo mke ni mimi. Alikuwa mimi. Nilimcheza tangu mchezo ukiwa kurasa chache zenye madoa ya chai. Nikapata mimba, nikazaa, na niliporudi nikakuta jukwaa limepewa msichana mwingine na mimi nimewekewa maikrofoni.

"Sauti haina mtoto, dada," mwelekezi wetu aliniambia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeniletea zawadi. "Utakaa hapa, utanyonyesha, utarekodi. Jukwaa lina safari nyingi."

"Kwani mtoto wangu atazuia gari lisiondoke?"

"Atalia katikati ya mchezo. Watu wataangalia mtoto, wamsahau mjane."

"Boss, wewe umeona wapi mjane hana mtoto?"

Wote walicheka. Mimi sikucheka, na hadi leo sijaona cha kuchekesha.

Huwezi kujua nilichonyang'anywa kama hujawahi kusimama pale Nambale, turubai nyuma yako, vumbi miguuni, na mbele yako wanawake wenye vikapu vya omena, dagaa wa ziwani, ambao hawajakubali hata kuviweka chini kwa sababu wanasema wanapita tu. Nilikuwa nasema, "Tangu juzi simu yake haishiki," na siku moja mama mmoja akanijibu kutoka huko nyuma, "Wa trela ndio hao, mama! Pika, kula, lala!" Nikamgeukia nikamwambia, "Na wako analala kwako kila siku?" Soko zima lilipasuka. Hayo hayakuwa kwenye karatasi. Yule mama aliweka kikapu chini, akakaa mpaka mwisho.

Godoro halijibu. Unaliambia mume wako haonekani, linanyamaza.

Yule msichana si mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Ana shingo nzuri, ana sauti. Lakini hajui kungoja mwanamume. Anangoja kama mtu aliyeagiza chapati.

Ikafika zamu ya kurekodi kilio. Mama yangu alikuwa ameshanionya: usilie kilio ambacho hakina maiti, tena ukiwa na mtoto titini. Huku kwetu kilio cha mwanamke si wimbo. Ukikisikia unaacha ulichoshika unaenda. Kwenye jukwaa hakuna shida, watu wanaona maiti ni mwanamume aliyejifunika blanketi na tumbo lake linapanda na kushuka. Lakini kwa kurekodi hakuna anayeona kitu, na katika sisi wasomi wote watano hakuna hata mmoja aliyewaza hilo.

Nililia mbele ya magodoro mara ya kwanza, nikalia tena. Fundi wa sauti akavua hedifoni.

"Dada, huu si msiba. Hii ni mafua."

"Magodoro yanakunywa sauti."

"Usisingizie magodoro. Toa roho!"

"Basi tuitoe nje."

Stima ilikuwa imepotea, kinu kimekufa, sisi tukawa na betri. Tukabeba maikrofoni hadi katikati ya ploti. Nilimfungua mtoto mgongoni nikampa yule msichana amshike. Nikaweka mikono kichwani, nikafungua mdomo.

Sikumlilia mume wa kwenye karatasi. Nililia Nambale. Nilimlilia yule mama wa omena, nikalia turubai na vumbi, nikalia mwili wangu ambao siku hizi ni wa kunyonyesha tu na kuinama kwa beseni.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mwenye ploti, anayetukodishia chumba, unga hadi viwikoni. Nyuma yake wapangaji, mmoja amebeba sufuria kubwa ya matanga. Muuza ndizi kutoka upande wa Uganda aliingia langoni akikimbia, amejishika kiuno, akitoa pole kwa Kiganda, "Kitalo, nyabo! Kitalo!" Halafu wakaona mtoto wangu yuko mikononi mwa mtu mwingine, wakasimama palepale.

"Ni mtoto?" mama mwenye ploti akauliza polepole.

Mtoto alikuwa ananyonya ngumi yake.

"Ni mchezo tu, mama," fundi akasema, hedifoni shingoni.

"Mchezo?" alidakia jirani anayepika mandazi. "Nimeacha mandazi yakiungua kwa mafuta, unaniambia mchezo?"

"Tunaomba msamaha, wazazi wetu," mwelekezi akaanza kwa ile sauti yake ya mikutano.

"Nyamaza," mama mwenye ploti akamwambia. "Kilio kikitoka hakirudishwi mdomoni. Aliyelia atuambie amemlilia nani. Tukijua, tutaenda." Akajikalia kwenye ndoo. Wengine nao wakakaa.

Basi nikawaambia. Nilianza kwenye ile simu isiyoshika nikaenda hadi jeneza linapofikishwa mpakani. Katikati mtoto alilia, kama boss alivyotabiri. Nikamchukua.

"Mnyonyeshe, mama, endelea tu," mmoja akasema.

Nikanyonyesha huku namsema marehemu, namuuliza ameniachia nani. Hakuna aliyeacha kumwangalia mjane. Wa mandazi alikuwa akifuta macho kwa kanga. "Na hao ndugu zake wasikubebee hata sufuria!" akafoka. "Wafungie mlango!" Nikamjibu, akanijibu, tukaenda hivyo mpaka mwisho. Fundi hakuwa amezima mashine.

Walipoondoka mwelekezi alikuwa anarukaruka. "Hiki ndicho kipindi cha kwanza! Sikati hata neno!"

"Na Funyula?" nikamuuliza.

Akaangalia bango lililokunjwa kwenye kona, lenye uso wa yule msichana. "Bango limeshachapishwa, dada."

"Nimekuuliza Funyula, sijakuuliza bango."

"Tutaona."

Tutaona naijua. Niliambiwa tutaona nilipomaliza kidato cha nne nikaomba chuo. Niliambiwa tutaona na baba ya huyu mtoto.

Kipindi kimeshafika Malaba. Juzi nilikuwa huko kununua sabuni, dereva mmoja ameegemea tairi la trela lake, ameweka simu kwa sauti ya juu. Nikajisikia nikilia ndani ya simu. Dereva akatikisa kichwa. "Huyu mama ameniua," akaniambia, kisha akageuka tena kusikiliza simu. Nilisimama pale na sabuni yangu. Nilitaka kumshika bega nimwambie: angalia huku, niko hapa, nina uso. Sikusema. Ukishajitambulisha mwenyewe, umeshakuwa mtu anayeomba.

Jumamosi wanaenda Funyula. Hakuna aliyeniambia nije. Nimefua leso ya kubebea mtoto, nimeianika. Asubuhi pikapu ikipakiwa turubai nitakuwa nimeshapanda nyuma, mtoto mgongoni, na boss atasema ndiyo au la mbele ya mama mwenye ploti na wapangaji wake wote. Akisema tutaona, mimi sishuki.