Halua ya Kakangu

Kila Ijumaa nilipokwenda Kibokoni kumwona mama, nililikuta lile kopo la halua pale pale kabatini, juu ya sahani za wageni. Mama alilinunua Idi ndogo ili amwekee kakangu anayefanya kazi Maskati, kana kwamba huko Maskati hakuna halua. "Usiliguse, yuwaja," aliniambia. Idi kubwa ikapita. Tarehe ya mwisho iliyobandikwa kwenye kifuniko nayo ikapita. Kakangu bado yuwaja.

Mimi nilikuwa situlii. Nakaa, nasimama, nafungua kabati, nalifunga kwa kishindo. Mimi ndiye niliyempeleka mama hospitali, mimi ndiye niliyekuja kila wiki, na hata kijiko kimoja sikuonjeshwa.

Ijumaa moja uvumilivu ulinishinda. Mama alipokuwa akiswali, nililishusha kopo nikalifungua kwa kisu. Mafuta yalikuwa yamepanda juu na sukari imeganda pembeni, lakini iliki ilinukia kama siku ya kwanza. Nikala nimesimama na hasira zangu, nikisubiri nigombezwe.

Mama akatokea mlangoni na tasbihi mkononi. Alilitazama kopo, akaenda kuleta dele la kahawa na vikombe viwili, akaketi. Akamega kipande, akala polepole.

"Haijaharibika," nikasema kwa kujitetea.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nikingoja uifungue wewe. Ningeifungua mimi, ingekuwa nimekubali kuwa haji tena."