Wimbo Ulioinua Injini ya Baba

Enzi zetu pale Kindu, kando ya mto Lualaba, gari likifa hakuna aliyekimbilia simu. Lilikaa uani, kuku wakataga ndani yake, watoto wakaligeuza shule, treni na nyumba ya harusi, mpaka mwenyewe apate nguvu za kulifufua. Vijana wa leo taa moja tu ikiwaka mbele ya usukani wanashuka na kushika kiuno kama waliofiwa. Sisi tulikaa miezi minane na gari lisilotembea, na tulilipenda hivyo hivyo.

Lilikuwa gari jeusi la Kimarekani, refu kuliko chumba tulicholala watoto sita, lenye viti vya ngozi nyekundu. Mwenyewe wa kwanza, Mreno mmoja mwenye duka, alikuwa amelizeesha kwenye njia ya Pangi, kisha siku moja akaliendesha bila maji mpaka injini ikapasuka. Alipofunga duka kurudi kwao akamwachia Baba, ambaye alikuwa akimtengenezea mashine zake kila Jumapili. Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, na mji mzima ulimwita Fundi Asumani. Majirani walipolisukuma mpaka kwetu, Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi akasema, "Baba Zaina, umeleta nyumba ya pili, na hii ya kwanza paa yake inavuja."

Nilikuwa na miaka tisa. Tukitoka chuoni kusoma Kurani, vidole bado vina wino, tulijazana humo tukatafuna mua na karanga za kukaanga, mmoja akishika usukani na wengine wakipiga honi kwa midomo. Harufu ya ngozi ile iliyochanganyika na mavi ya kuku ninaisikia hata sasa, na sioni haya kusema ni harufu nzuri. Aliyetufukuza humo ni dada yetu mkubwa, Yaya Zaina. Yeye alikuwa na sababu. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Alunguli, ng'ambo ya mto, na Baba alikuwa ameapa mbele ya wakwe, "Mutoto wangu hatakuja kwenu na miguu. Atakuja na motokari."

Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, baba yake mkubwa, aliuliza bila kucheka, "Na kuku wake?"

Neno lile lilivuka mto kabla ya wageni wenyewe kurudi kwao. Ukienda kisimani unalikuta, ukienda sokoni kununua sombe, majani ya muhogo, unalikuta. Yaya Zaina aliacha kutoka nje. Baba naye akachukua baiskeli yake, na baiskeli siku zile ilikuwa heshima ya mtu, akaibadilisha na injini ya lori lililopinduka huko njia ya kwenda mji wa Kama. Injini ilikuwa hiyo moja tu. Ikivunjika, dada yangu angetembea kwa miguu na maneno ya yule mzee yangemtangulia.

Karakana ya reli ilikuwa na winchi ya minyororo ya kuinulia mizigo, lakini bwana mkubwa wa kizungu alikataa kuiazima. Mtu mweusi kumiliki gari la namna ile kulimwasha moyoni. Basi Baba akamwendea Mjomba Amisi, kaka yake Mama, mkuu wa wapiga makasia. Mjomba alikuja Jumapili asubuhi na wanaume ishirini, magogo matatu marefu, gurudumu la kupitishia kamba na kamba ile waliyovutia mitumbwi mipya kutoka msituni mpaka mtoni. Magogo yakasimamishwa juu ya gari yakafungwa vichwa, kamba ikapitishwa, wanaume wakajipanga hadi barabarani.

Sasa wavuta mitumbwi hawavuti bila wimbo. Mjomba anatoa mstari, wenzake wanajibu na kuvuta: "Mti umetoka msituni! Hee, vuta! Mti una kiu! Hee, vuta!" Injini ya zamani ikapanda juu, nyeusi, ikavutwa pembeni ya gari ikidondosha mafuta. Tulikuwa tunaruka kwa furaha. Mjomba akafika mwisho wa wimbo, akapaza sauti, "Majini!" na wanaume wote ishirini wakaachia kamba, wakainua mikono juu na kupiga makofi, kama walivyofanya maisha yao yote mtumbwi unapogusa mto.

Injini ilianguka juu ya sufuria kubwa ya Mama, aliyoiandaa kuwapikia wavutaji. Sufuria ikawa bapa kama sahani.

"Nani alisema muache kamba?" Baba alipiga kelele.

"Wimbo imeisha, Fundi," Mjomba alijibu, naye alishangaa kweli.

Mtaa mzima ulicheka, isipokuwa Baba. Iliyoanguka ilikuwa maiti, haikuwa hasara. Iliyobaki ndiyo injini yenyewe. Baba akawaamuru wavute ile mpya kimyakimya, kwa kuhesabu kama karakanani: moja, mbili, tatu. Huyu akavuta kwenye mbili, yule akangoja nne. Injini ikayumba kama mlevi, ikagonga gogo, na Baba akafumba macho. Wakaishusha. Yaya Zaina alikuwa dirishani, amejiziba mdomo kwa kanga.

Ni Mama aliyepata dawa, akiwa bado ameshika sufuria yake iliyobondeka. "Kama wimbo ikiisha munaacha," alisema, "basi wimbo isiishe."

Wakaanza upya. Injini ikapanda, ikasogezwa, ikaanza kushuka taratibu kwenye nafasi yake, na Baba akaingia chini ya gari na bolti zake. Lakini injini ya lori haikuumbwa kwa gari lile. Kila tundu lilitaka kubembelezwa, na wanaume walipaswa kuishikilia muda wote. Mistari ya Mjomba ikamwishia. Wanawake wakapokea. Wakaimba jirani anayekopa chumvi, wakaimba ndevu za mwalimu wetu wa chuoni naye yupo, wakaimba mbuzi aliyekula shati la mtu wa posta. Mimi pia nilitoa mstari wangu: "Mzee wa Alunguli, kuku wanakuja!" Ulishangiliwa hadi ukarudiwa mara saba, na hata dirishani nikasikia mtu anacheka. Wanaume walizidi kuchimbia visigino ardhini. Ndipo Baba akatoka chini ya gari, uso mweusi kwa mafuta, akajaza kifua na kuita mwenyewe, "Majini!"

Kamba ikaanguka. Injini haikuanguka. Sijawahi kusikia makofi kama yale tena.

Siku ya harusi gari lilinguruma kama lori, na Yaya Zaina alikaa nyuma kama malkia, mimi na Mama pembeni yake. Kwenye kivuko mwenye pantoni alisema, "Zima motere, Fundi." Baba akakataa. "Nikizima haitawaka tena." Tulivuka Lualaba injini ikinguruma. Tukafika kwa wakwe, ngoma zinalia, yule mzee anakodolea macho viti vyekundu, na Baba bado hakuzima. Wakwe wakafungua mlango. Baba akasema, "Mungoje kidogo, motere bado ya moto." Wakangoja. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mwisho Mama akamgusa bega. Yaya Zaina akashuka, akaingia ndani na wanawake wa kwao kupya, na Baba akazima.

Jioni tulipoagana, aligeuza ufunguo mara moja tu. Injini ikawaka papo hapo. Mama alimtazama mpaka tulipofika mtoni.

Mwaka jana mjukuu wangu aliolewa. Siku hizi gari la harusi linakodishwa na maua yake, na limetulia hivi kwamba hujui kama linaunguruma au limezimwa. Mwanangu, baba yake bibi harusi, ndiye aliyeendesha. Tulipofika nilimwona ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele. Gari lilikuwa jipya, zima, halina kasoro hata moja, na maskini mwanangu hakuwa na la kusingizia. Mlango ukafunguliwa, mtoto akashuka.