Mahali Injini Inapovutia Pumzi

Madereva wote wa Wete wanafahamishwa kuwa chombo cha moto ni mtambo wa kisayansi. Kinaharibika kwa uchakavu, kwa uzembe, au kwa vyote viwili. Husda, kijicho, majini na mambo ya namna hiyo hayana uwezo wowote juu ya injini, na dereva atakayeyatoa kuwa sababu mbele ya abiria au mbele ya ofisi atahesabiwa kuwa mzembe. Tangazo hilo alilisoma ofisa wa usafiri mwenyewe mkutanoni, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza kipaza sauti kilikatika. Hakuna aliyeuliza kilikatika kwa nini.

Pandu, mmoja wa madereva hao, alikuwa safu ya nyuma, akitikisa kichwa kwa kukubali. Hakuwa mtu wa kubishana na ofisi. Alizaliwa Wambaa, ambako mwanamume huenda baharini au hueleza kwa nini haendi, na yeye alikuwa ameeleza tangu ujanani: bahari humlevya. Ngalawa ikitikisika tu, yeye ameshainamia ubavuni anatapika, na ndugu zake wanacheka mpaka wanasahau nyavu. Akaja Wete, akajifunza kuendesha gari, akagundua kuwa mtu aliyeshika usukani halewi. Tangu siku hiyo hakuuachia.

Gari haikuwa yake. Ilikuwa ya Bi Mwanamize, mjane wa Jadida, aliyeachiwa na marehemu mumewe nyumba, mikarafuu michache na saluni nyeupe iliyokwisha tumika Japani na Dubai kabla ya kufika Pemba. Ilikodishwa kubeba maharusi, wagonjwa na wageni wa mazishi. Kwa sababu ya maharusi Bi Mwanamize alitaka inukie, na kwa sababu ya majirani alitaka ihifadhike. Alimpa Pandu chetezo cha udongo na kopo la ubani, akamwagiza aifukize gari kila Ijumaa. Pandu alifukiza viti, zulia na buti, kwa miaka, bila tatizo lolote.

Siku moja, akirudi kutoka Tumbe, taa ya manjano yenye umbo la injini iliwaka mbele yake. Gari ikaanza kumisi, yaani silinda ziliruka zamu zao, na mwendo ukawa wa kukohoakohoa. Akaipeleka kwa Ahmada.

Ahmada alikuwa fundi mwenye maneno mengi na mikono myepesi. Alianza kutaja ubovu kabla hujazima gari, na mara nyingi ubovu aliousema ulikuwa wa gari iliyotangulia. Hata hivyo kazi aliijua. Huku injini inaunguruma, alichomoa waya wa plagi ya kwanza, akaurudisha, akachomoa wa pili, mpaka wa nne. Silinda iliyokufa ukiichomolea waya, ngurumo haibadiliki, ndivyo inavyojulikana. Hapa ngurumo ilibadilika kila mara. Silinda zote zilikuwa hai, na zote zilikuwa zikiruka zamu kwa kupokezana.

"Si plagi," alisema Ahmada. Akabadilisha plagi zote, kwa kuwa plagi ndizo alizokuwa nazo. Gari ikaendelea kukohoa.

"Basi ni kitu zinachogawana silinda zote nne," alisema. "Mafuta au hewa. Sogea hapa, Pandu. Injini kama mtu. Hili sanduku la kichujio na bomba hili, hapa ndipo inapovutia pumzi. Ndani mna sensa, uzi mwembamba kuliko unywele, unapima hewa inayopita. Uzi ukichafuka, injini haijui imevuta pumzi kiasi gani. Inajipakulia mafuta kwa kubahatisha."

Uzi ulikuwa na vumbi. Akauosha kwa spiriti, akaweka kichujio kipya, akaizima taa. Gari ikatulia. Pandu alirudi nyumbani akiwa ameelewa somo lote, na hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Haikuchukua muda, taa ikawaka tena. Ahmada akaosha uzi, akalaumu barabara. Ikawaka tena. Safari hii uzi ulikuwa na utando wa hudhurungi unaonata, akalaumu oili. Kama utando huo ulikuwa na harufu, yeye hakuisikia. Pua ya mtu aliyefanya kazi na petroli maisha yake yote huwa imestaafu mapema.

Kisha gari ikazimika na bibi harusi ndani. Ilizimika penye mteremko, na haikukubali hata kusukumwa. Bibi harusi alimalizia safari kwa miguu, viatu mkononi, nyuma yake msafara wa wanawake wakiimba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika ili asisikike analia.

"Nakwambia mara moja tu, Pandu," alisema Bi Mwanamize. "Ikizimika tena na mtu ndani, naiuza. Nawe urudi Wambaa kwa ndugu zako."

"Bibi, bahari hainitaki."

"Na gari nayo?"

Ahmada akaosha uzi tena. Kesho yake Pandu akashikwa na homa, akalala wiki nzima. Usukani akapewa Soud, kijana aliyezoea kubeba samaki kwa pikapu. Wiki nzima gari haikukohoa hata mara moja. Soud alikuja kumjulia hali mgonjwa, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Gari nzima ile, mzee wangu. Inakwenda kama maji. Labda ina watu wake na watu isiowataka."

"Nenda zako, Soud."

"Naomba dua tu upone. Hata usipopona haraka, usijali."

Pandu alipona haraka. Alirudi kwenye usukani siku ya Jumatatu, na Jumatano taa ikawaka. Mtaani Jadida ikawa habari: kumbe mwenye mkosi ni dereva. Bi Mwanamize hakusema hivyo. Alisema tu kwamba Ijumaa angependa funguo zirudi kwake, apate kufikiri.

Aliyeudhika zaidi alikuwa Ahmada. Gari inayopona kwa dereva mmoja na kuugua kwa mwingine inamharibia fundi jina. Alhamisi, mara baada ya sala ya alfajiri, alikwenda mwenyewe kwa Pandu kuiona inavyoamka.

Aliikuta imeamka. Boneti ilikuwa wazi na injini inaunguruma. Sanduku la hewa lilikuwa limefunguliwa, kichujio kimewekwa pembeni juu ya kitambaa safi. Pandu alikuwa ameinama na chetezo mkononi, na moshi wa ubani ulikuwa unaingia bombani moja kwa moja, bila kupotea hata kidogo.

"Pandu! Wafanya nini?"

"Naifukiza."

"Waifukiza wapi?"

"Inapovutia pumzi. Si weye uliyenionesha?"

"Na kichujio?"

"Nimekitoa. Kinazuia moshi."

Ahmada alikaa juu ya tairi. "Kila siku?"

"Mwanzo Ijumaa tu. Ilipozidi kukohoa, nikazidisha. Asubuhi na jioni."

Walikwenda pamoja kwa Bi Mwanamize, Ahmada ameshika sensa ndani ya kitambaa. Bi Mwanamize alinusa, akaijua harufu ya kopo lake.

"Mimi nilisema ufukize viti."

"Hukusema viti, bibi," alisema Pandu, macho chini. "Ulisema gari."

Ni kweli Bi Mwanamize alisema gari, na alisema mbele ya watu. Akamgeukia Ahmada.

"Na wewe! Nani alikutuma kumwambia mtu kuwa gari inapumua?"

Kwa hiyo kosa likawa la Ahmada, ambaye alikuwa na mabega mapana. Funguo zilibaki kwa Pandu, na Soud akarudi kwenye samaki. Ukilisoma tangazo la ofisi kwa makini, ubani haukutajwa, na Pandu hakuona haja ya kuwauliza. Aliendelea kufukiza Ijumaa, viti tu, boneti imefungwa. Taa haikuwaka tena.

Baada ya Maulidi alipeleka gari kumwaga oili. Gereji alikuta gari ya ofisi, ile anayopanda ofisa aliyesoma tangazo. Ilikuwa inamisi, taa ya manjano imewaka, na dereva wake amesimama mbali kidogo, akisoma bango la betri. Ahmada alikuwa amefungua sanduku la hewa. Alimwita Pandu kwa kidole.

"Nusa hapa. Mimi pua sina."

Pandu aliinama, akanusa.

"Ubani?" aliuliza Ahmada, kwa sauti ndogo.

Pandu alinusa mara ya pili, kuhakikisha.

"Siyo," alisema. "Udi."