Chaza Asiye na Ndugu

Aliyekuwa anirudishe Tanga ni chaza aliyelala kwenye chupa. Najua linachekesha, nami nimeshalicheka vya kutosha.

Nilikuwa mpishi wa daktari wa Kijerumani. Alipohamishwa kutoka pwani kuja boma la Arusha, alinichukua pamoja na masufuria yake. Binti yangu, ndiyo kwanza anaota meno, nikamwacha kwa dada yangu. Bwana alisema hatutakawia huku mlimani.

Wagonjwa wa boma aliwatibu bila raha. Roho yake ilikuwa kwa chaza mmoja mdogo aliyemwokota kwenye matope ya mikoko, akamhifadhi mzimamzima ndani ya spiriti. Jioni alimtoa, akamfunua kwa kibano, akanionyesha bawaba inayounganisha magamba mawili. Chaza wote wa vitabuni mwake walikuwa na vijino hapo. Huyu hakuwa na hata kimoja, alikuwa na mfereji mwembamba tu. Basi hakuwa na ndugu, na ilibidi aundiwe jenasi yake, yaani ukoo mpya kabisa.

"Nikimaliza kuandika maelezo yake, nampeleka Berlin mwenyewe," aliniambia. "Wewe utashukia Tanga."

Bila Bwana boma lisingenipa cheti cha njia, na mwanamke asiye na cheti alirudishwa kwa viboko. Kwa hiyo nikawa namwombea chaza. Nilimwombea kuliko nilivyojiombea mwenyewe.

Bwana naye hakuwa mtu wa kumaliza jambo. Anachora, anafuta, anapima tena. Masika yakaja yakaisha, migomba ikazaa ikakatwa, na yeye bado yuko kwenye mfereji ule. Nilimchukia, nikamkaangia mayai yake kila asubuhi.

Vita vilipoanza, wapagazi wote wakachukuliwa na jeshi na spiriti haikupanda tena kutoka pwani. Iliyokuwemo chupani ikapungua mpaka gamba likachungulia juu. Bwana akaniuliza pombe kali ya hapa ni ipi.

Nikaenda kwa jirani yetu, mama wa Kimeru mwenye migomba juu ya mfereji wa maji. Nikamwamkia, nikamwambia Bwana ana mdudu wa baharini asiyetakiwa kuoza.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Hapo usiweke ya jana, hiyo ni maji. Nitakupa ile ya kupokelea wakwe, imekaa mpaka inauma ulimi."

Kwake yeye pombe ya ndizi ikiuma ulimi ndiyo imekomaa, na iliyokomaa haishindwi na kitu. Bwana aliionja, akakohoa, akafurahi. Akaichuja kwa kitambaa changu, akaijaza chupa mwenyewe na kuiziba kwa nta. Kisha majeruhi wakaanza kuletwa, meza yake ikaota vumbi.

Siku alipoifungua, nilikuwa nimeshika taa. Gamba lilikuwa laini kama yai lililolazwa kwenye siki. Alipoligusa kwa kibano, bawaba ikavunjika vipandevipande, na ule mfereji haukuonekana tena. Nyama tu ndiyo ilibaki.

"Picha si unazo, Bwana?"

"Picha kila mtu anachora," akajibu. "Watasema nimemzua."

Nikaenda jikoni nikalia. Sikumlilia yeye wala chaza wake.

Jirani akapita kuuliza hali. "Yule mdudu wenu ameoza?"

"Hajaoza, mama," nikamwambia, nao ulikuwa ukweli. Akaenda zake akiwa ameridhika sana.

Waingereza walipouteka mji, Bwana alichukuliwa mateka. Wakasema wanampeleka pwani, watapita Tanga. Barabara ilifungwa kwa watu kama sisi. Nilimsubiri kando ya lango la boma, na alipofika karibu nikamwomba amtafute dada yangu, amtazame mtoto, amwambie kwamba mama yake yu hai. Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, akanishika mkono, akaondoka na askari waliomlinda.

Hakuniuliza mtoto anaitwa nani.