Siku Niliyofuta Mate ya Cucu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, bado nilikuwa nafungwa kamba za viatu na mdogo wangu. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani habari hii inahusu baiskeli peke yake. Njeri alikuwa darasa la kwanza. Kila asubuhi aliniinamia pale mlangoni, mkoba ukiwa mgongoni, akanifunga mafundo mawili mawili, kisha tukaondoka. Hatukuwa tukiliongelea. Vidole vyangu havikusikia, na ndivyo tulivyoishi.

Kwetu ni Waithaka, pembezoni mwa Nairobi, kwenye shamba la cucu, mamake baba. Miaka ya elfu mbili ilikuwa imeanza tu, na nyumba za kupangisha hazikuwa zimemeza mashamba kama sasa. Cucu alikuwa bado na ng'ombe wake wawili, na kutoka zizini kulikuwa na mteremko wa udongo mwekundu unaoshuka hadi kwenye ua wa kayaba kando ya barabara. Mimi ndiye kifungua mimba, na kwa desturi yetu Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mamake baba. Kwa hiyo cucu alikuwa Wangari, nami nikawa Wangari. Mtu asiye wa kwetu ataona hilo ni jina tu. Niliambiwa tangu sijajua kutembea kwamba mimi ndiye yeye, amerudi kabla hajaondoka. Mgeni akija, cucu alinisimamisha mbele yake na kusema, "Huyu ndiye mimi." Kwa hiyo nilipomwaga chai, wa kutazamwa alikuwa yeye.

Na chai nilimwaga sana. Niligonga mabega kwenye milango ya nyumba niliyozaliwa ndani yake. Sweta ya shule ilinila shingo hadi nikaivua darasani na kuchapwa. Siku moja mama alinipeleka mjini kununua viatu, na kwenye kelele za honi na wapiga debe nikaketi chini, palepale kando ya barabara, nikaziba masikio. "Simama, watu wanatuangalia," mama akasema, na uso wake ulikuwa umejaa aibu ambayo bado naikumbuka. Nyumbani neno langu lilikuwa mlegevu. Baba alilisema bila ubaya, kama anavyosema mtu kwamba leo kuna mawingu.

Baiskeli ilitoka mtaa wa Karen. Baba alikuwa karani katika ofisi moja mjini, na mwenzake wa kazi aliyekaa huko alikuwa na watoto walioshakua, akampa ile yao ya zamani. Ilikuwa nyekundu, breki moja inashika na nyingine haishiki. Baba alisema ni yetu sote, mkubwa atangulie. Njeri alijua kuiendesha siku ileile. Mimi, likizo ya Desemba ikafika karibu na Krismasi nikiwa bado nashikiliwa kiti.

Ngoja nieleze ilivyokuwa, kwa sababu kwa miaka mingi sikuwa na maneno ya kuieleza. Usukani ulitetemeka kwenye mawe madogo, na mtetemo ule ulipanda mikononi ukanifika kwenye meno. Nikiangalia njia, miguu yangu inapotea. Nikiikumbuka miguu, mikono inageuza usukani kufuata macho. Sikujua kwamba nainama mpaka niwe nimeshalala chini. Na juu ya yote hayo sauti ya baba, maneno yote yakinijia kwa pamoja.

"Kanyaga! Kanyaga, Wangari! Angalia mbele! Kata left! Left!"

Ilinibidi nisimame nitafute kushoto ni mkono gani. Baiskeli haimngojei mtu anayetafuta mkono.

"Kwani wewe unaanguka makusudi?" baba aliniuliza siku moja, amechoka kabisa, shati la kazi limemloa.

"Sijui, baba."

"Hujui aje, na ni wewe unaanguka?"

Sikuwa nakaidi. Kweli sikujua.

Aliyepata jibu ni tata Wairimu, dada yake baba, mwanamke ambaye hakuwahi kukosa jibu la kitu chochote. Alisema jina halijanikaa. Akaeleza kwamba mtoto akipewa jina la mtu aliye hai, mwenye jina anapaswa kumbariki kwa mate yake mwenyewe, ndipo jina lishike mwilini. La sivyo mwili unakuwa kama nyumba isiyo na mtu, chochote kinaingia na kutoka. Siku niliyobatizwa mchungaji alikuwa mkali, cucu akaona haya kutema mate mbele yake, na baadaye ikasahaulika. Kila mtu aligeuka kunitazama. Naikumbuka furaha niliyoipata. Kumbe kulikuwa na kitu kilichokosekana, na kingeweza kurudishwa! Nilitaka hicho kitu kuliko nilivyoitaka baiskeli. Nilitaka niwe yeye sawasawa, ili akisema "huyu ndiye mimi" asiwe anamdanganya mgeni.

Ikafanywa Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, baada ya kanisa. Viti vilikuwa vimetolewa nje, shangazi na wajomba wanakunywa chai, na cucu alikuwa bado na kitambaa cha kichwa cha chama cha kina mama wa kanisa. Hakuona mgongano wowote kati ya kitambaa kile na alichokuwa anaenda kufanya. Alinisimamisha mbele yake akanyunyiza mate mepesi kifuani pangu, vile mtu anavyonyunyizia maji nguo anayoipiga pasi. Kisha akafungua viganja vyangu, akanyunyiza kimoja, akanyunyiza cha pili, na mwisho paji la uso. Alimwomba Ngai, Mungu wetu, autulize mwili wangu. Alisema nami kwa Kikuyu, na maneno yake naweza kuyatoa hivi:

"Usijifute. Wacha yakauke yenyewe. Ukiyafuta, umenifuta mimi."

Nilishika pumzi. Mtu mwingine angesema ni mate kidogo tu. Mimi nilisikia kila tone, lilipo na lilivyokuwa likipoa, na harufu ya ugoro ambao cucu alidhani kanisani hawaujui. Viganja viliwaka. Nilijiambia nivumilie, nikahesabu moyoni, nikauma ulimi. Baba akaleta baiskeli, nikashika usukani, na ule mpira wa mshikio ukanata kwenye unyevu. Hapo mikono yangu iliondoka. Nasema iliondoka kwa sababu sikuituma. Nilijifuta kwenye gauni la kanisani, mbele na nyuma ya kiganja, kwa nguvu, kisha nikajifuta uso kwa mkono wa gauni, mbele ya ukoo mzima.

"Uuuui!" tata Wairimu akapiga kelele. "Amefuta! Mtoto amefuta!"

Cucu hakupiga kelele. Alikuwa bado amesimama, mdomo haujakauka. "Wewe," akasema polepole, "hiyo baiskeli itakutupa."

Mama aliomba tuiache siku nyingine. Baba alikuwa na aibu, na aibu yake ilimfanya awe na haraka. "Panda tu," akasema. "Panda tumalize hii maneno."

Nikapanda. Alinisukuma, akaniachilia, na mteremko ukanichukua. Nilisikia Njeri akinililia, "Breki! Shika breki!" nikashika ile isiyoshika. Nilikwenda moja kwa moja hadi kwenye kayaba. Miiba ilinichana paji la uso, palepale nilipokuwa nimejifuta, na mkono wa kulia ukavunjika. Katika zahanati moja ya Dagoretti Corner walinifunga plasta iliyoniwasha usiku na mchana, na kwangu plasta ile iliuma kuliko mfupa.

Baiskeli ikawa ya Njeri. Mimi nikabaki na hadithi. Sijui kama mtu asiyeishi katika ukoo mkubwa anaweza kuelewa inavyochosha kuwa na hadithi. Nikivunja sahani, mtu anakumbuka mate. Nikianguka hesabu, mate. Nilipoanguka mtihani wa kuendesha gari mara ya pili, mjomba mmoja alinipigia simu kunipa pole, na kabla hajakata akasema, "Lakini wewe unajua ile mambo ya cucu." Mchumba wangu wa kwanza aliponiacha, tata Wairimu alilitazama tu lile kovu la paji la uso. Nilicheka nao kwenye harusi na matanga, kwa sababu ukikataa kucheka wanasema una kiburi. Nilikuwa nimechoka, jamani.

Lililoniuma zaidi ni cucu. Hakunigombeza hata siku moja. Ila tangu Jumapili ile hakunisimamisha tena mbele ya wageni. Wenzangu walipokwenda kuombewa na nyanya zao kabla ya mtihani wa darasa la nane, nami nilikwenda, akaniambia anaumwa na jino. Nilipokuja kuolewa, aliombwa aseme neno akatikisa kichwa, akamsukumia mjomba kipaza sauti. Nikaelewa kwamba hajanisamehe. Nilianza kupita nyuma ya nyumba yake badala ya mbele.

Mwaka jana mwalimu wa mwanangu aliniita shuleni. Kariuki ana miaka saba, anaziba masikio gwarideni, anakataa soksi, na baiskeli aliyonunuliwa na babake imekaa kwenye veranda. Tukaelekezwa kwa msichana mmoja mtaalamu wa watoto wa namna hiyo, ana ofisi ndogo kando ya Ngong Road. Alimsimamisha kwa mguu mmoja, akamfumba macho, akampitishia brashi laini kwenye kiganja. Mtoto akajifuta papo hapo kwenye suruali. Msichana akanieleza kwamba kuna watu ambao habari za miguu na mikono yao hufika kichwani zimechelewa, na habari za kuguswa na za kelele hufika kwa kishindo. Si uvivu, akasema. Anaweza kufundishwa, lakini taratibu, jambo moja moja.

"Na mama," akauliza, "wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa vipi?"

Nililia pale kwenye kiti, mwanangu akinitazama. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Waithaka. Cucu sasa anakaa chumba cha nyuma, nyumba za kupangisha zimemzunguka, na macho yake yamepungua. Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima namna ya kujitetea. Lakini nilipokaa kitandani pake sikupata maneno ya Kikuyu ya yale niliyoambiwa, ikabidi niseme kimkato.

"Cucu, mwili wangu unachelewa kusikia miguu, na kitu kikinigusa unakisikia kupita kiasi. Nilijifuta kwa sababu hiyo. Sikukukataa. Hata maji ya ubatizo ningeyafuta, ningekuwa na nguvu."

Cucu akanigeuzia uso.

"Ulizaliwa hivyo?"

"Nilizaliwa hivyo. Hata Kariuki ni hivyo."

"Kabla sijasema kitu?"

"Kabla, cucu. Kabla ya kila kitu."

Akanitafuta mkono kwa kupapasa blanketi, akaushika. "Basi si mdomo wangu uliokuvunja," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikaona nilivyokuwa mjinga. Alikuwa amesema baiskeli itanitupa, mbele ya watu, mate ya baraka yakiwa bado mdomoni, na kabla hajaketi ikanitupa. Wakati mimi naitwa mtoto aliyefuta, yeye alijihesabu mwanamke mwenye mdomo mbaya. Aliniambia hakuumwa na jino. Aliogopa kufungua mdomo juu yangu nikiwa naelekea mtihani. Aliogopa kwenye harusi yangu, akaogopa Kariuki alipozaliwa, na ndiyo maana hakumbeba. Mimi nilikuwa nimekuja kusamehewa na mtu ambaye hakuwahi kunikasirikia.

Sikupata ile furaha niliyoitarajia. Niliwaza mtihani, harusi, mtoto asiyebebwa, na sikuona wa kumkasirikia. Baba ni marehemu, na tata Wairimu mwenyewe sasa hujisahau jina. Cucu akaniuliza kama Kariuki ameshajua baiskeli. Nikamwambia bado, na sijui kama atajua.

"Akiwa juu yake usimwambie kitu kibaya," akasema. "Kaa kimya umshikilie."

Kuhusu mdomo sikubishana naye. Mimi siamini kwamba mate yana nguvu, wala kwamba neno linaweza kumvunja mtoto mkono. Lakini neno moja lilisemwa pale uani Jumapili mchana, na mimi na cucu, wenye jina moja na shamba moja, tukaogopana zaidi ya miaka ishirini.