Rejeta Iliyovishwa Gunia

Juzi, pale stendi ya Msamvu, niliona gari la michezo la Kijapani, la zamani, rejeta yake ya kupoza oili ikiwa wazi puani, inapigwa upepo. Hasira za utotoni zikanipanda upya.

Baba alikuwa na gari kama hilo, enzi zile mitumba ilipoanza kumiminika. Injini yake ilichemsha oili vibaya mno milimani, kwa hiyo akaifungia rejeta kubwa, ya lori. Kisha akaivika gunia lililoloweshwa maji, kama wajomba zetu, wakulima wa milimani, walivyofunika mboga zao zisinyauke njiani kwenda sokoni. Mimi niliona ni akili kubwa. Nilidhani injini nayo hunyauka.

Mchana mmoja tulikuwa tunapanda Mgeta kwa wajomba, kwenye ngoma ya dada Neema, siku anatolewa mwali baada ya kufundwa. Kwenye kona gari likazima, likinuka oili iliyoungua na katani mbichi ya gunia.

“Rejeta hii nayo ndogo!” baba alifoka.

“Baba Neema, hiyo si mboga,” mama alisema. “Livue hilo gunia, ipate upepo.”

“Wewe unajua nini mambo ya magari?”

Akanituma mtoni nikalichovye tena. Tulizisikia ngoma za dada ng'ambo ya bonde, zikapamba moto, zikanyamaza, baba bado analowesha gunia.