Mama alivyofunga koki zangu zote, bomba likaganda siku ya posa

Wakuu, poleni na baridi mlio huku. Mlio Dar mnaolalamikia joto, tusameheane.

Hili limenikuta mwenyewe, nyumbani kwangu Landover huku ughaibuni, siongezi chumvi.

Mama alikuja kutoka Tanga kwa posa ya mdogo wangu Rukia. Upande wa mwanaume ni watu wa Mombasa wanaoishi Oxon Hill, mji wa jirani, walikuwa waje Jumamosi mchana. Rukia anampenda yule kijana, na sifa za ukali wa mama yake zilishatufikia. Presha ilikuwa juu.

Ijumaa jioni simu zikaleta alert ya freeze, onyo la baridi ya kugandisha maji. Nikafanya kama kila mwaka. Koki nikaziacha zichuruzike, maana maji yanayotembea hayagandi kirahisi. Kabati la sinki nikaliacha wazi ili joto lifike kwenye bomba. Bomba langu linaingilia ukuta wa nje, likiganda pale nyumba nzima kavu.

Nikalala na amani zangu.

Sasa mnamjua mama aliyezoea maji ya mgao? Akisikia tone, hapati usingizi. Kapita kafunga koki zote. Na kabati kafunga, eti wageni wasikute nyumba imeachama.

Asubuhi nafungua maji nitawadhe, kimya.

"Mama, nani kafunga koki?"

"Mimi. Maji yanamwagika ovyo, israfu hiyo, mwanangu."

Nikamweleza. Akashika kiuno, akawaza.

"Basi tutie mkaa kwenye chetezo, tusukume chini ya sinki."

Nikaruka! Wakuu, msijaribu. Moto kwenye bomba unaunguza nyumba, na hewa ya mkaa ndani inaua.

Rukia alikuwa ananyoosha nywele. Akaja na drayer yake, nywele nusu zimelala, nusu zimesimama. Akapiga magoti akaanza kulipasha bomba, kutoka upande wa koki kurudi ukutani, koki ikiwa wazi. Machozi yanamtoka.

"Kaka, wanakuja hata pilau halijapikwa. Wataniona mtu gani mimi?"

Mama akaondoka, akarudi na ndoo. Akaenda tena, akarudi na sufuria. Kumbe kabla ya kufunga zile koki alikinga maji kwenye kila chombo, mpaka cooler yangu ya soda!

Nilimkumbatia palepale. Pilau likapanda jikoni, tukatawadha kwa kopo.

Wageni nao wakawahi. Mama wa kijana akapitiliza jikoni, akamkuta Rukia sakafuni na drayer.

Akatazama ndoo. Akatazama kopo linaelea. Akacheka mpaka akashika meza.

"Mie nami jana nimejaza maji hadi bafu, mwanangu akanicheka weee! Huyu binti ndiye wetu, bwana."

Bomba likafunguka tunakula. Maji yakaja kwa kishindo, na mama wote wawili wakakimbia kuyafunga.

Nilichojifunza: chomoeni mpira wa bustani kabla ya baridi, jueni valvu kuu ya kufungia maji iko wapi bomba likipasuka, acheni koki zichuruzike. Na chini ya koki wekeni ndoo, wazazi walale.

Leo freeze imetangazwa tena. Rukia, mke wa mtu sasa, kanitumia picha ya jikoni kwake. Koki moja inachuruzika, chini kuna ndoo, na pembeni mama mkwe kashika ndoo ya pili, anasubiri zamu.

Haya, na nyie wazazi wenu wakija huku wanawafungia nini? Semeni tucheke.